Nyani na Kiko cha Mwinchande

Paukwa!
— Pakawa!
Sijasikia. Paukwa!
— Pakawaaa!
Hapo sawa. Wewe unayekohoa kule nyuma, hii yako.

Hapo zamani, mahindi yakiota hadi mlangoni, palikuwa na mtu akiitwa Mwinchande. Kazi yake kulinda shamba la kijiji, chakula cha mwaka mzima. Alikaa juu ya dungu, baragumu shingoni. Akiwaona nyani, hupuliza: puuu! Watu huja na mbwa.

Siku moja Nyani akaja peke yake, mikono nyuma kama mkwe mpya.

"Shemeji, pole na jua. Shika kiko, vuta kidogo tu."

Shemeji! Kamuoa nani?

Mwinchande akavuta. Kesho akavuta. Keshokutwa akamngoja Nyani njiani, mjinga yule!

Nyani na wenzake wakavamia shamba. Mara ya kwanza baragumu likasikika hadi mtoni tu. Mara ya pili, hadi kwenye migomba tu. Mara ya tatu: koho, koho, koho! Robo ya shamba ikaliwa.

Mkewe, Mwanahija, akapanda dungu, mikono kiunoni. "Baba Siwatu, huyo shemeji yako umewahi kumwona akivuta?"

Mwinchande hajawahi.

Nyani alipokuja, Mwinchande akamuuliza. Nyani akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nivute? Nikikosa pumzi, mahindi yenu nitakimbia nayo vipi?"

Mnausikia ushenzi huo? Anayekugawia havuti! Mapafu yake anayatunza, yako anayachoma!

Mwinchande akakitupa kiko chooni. Akawatangazia wote: "Mkiniona na kiko, ninyang'anyeni!" Hamu ikimshika, anakunywa maji, anatafuna tangawizi, anatembea mpaka ipite. Siku ya kwanza akatetemeka. Siku ya pili akagombana na chungu. Siku ya tatu akalia, dume zima! Ya nne ikawa ngumu vilevile, msidanganywe. Lakini hakuvuta.

Pumzi ikarudi. Nyani akija kuchungulia, Mwinchande anamkoholea kwa makusudi: koho, koho!

Mahindi yalipokomaa, Nyani akaita ukoo wake wote. "Ingieni, mlinzi kaisha!"

PUUUUU! Vijiji vitatu vikasikia. Mbwa hao!

"Shemeji!" Nyani akalia. "Si kifua kimekufa?"

"Kisikilize basi!" PUUUUU!

Mbwa wakamng'ata nyuma mpaka manyoya yakaisha. Mtazameni akikaa, hayajaota hadi leo.

Baragumu nalitundika hapa. Mwenye kiko akitupe, mwenye pumzi aitikie. Hadithi imekwisha!
— Pumzi imebaki!