Askari Aliyeleta Msamaha

Ndugu zangu, hebu mwoneni mama mmoja ameketi chini, ameukumbatia mtungi wa mbegu kama mtu aliyepakata mtoto. Ni milimani, Yemen ya zamani, enzi ambazo maimamu ndio waliokuwa wafalme. Mama huyo ni mjane, anaitwa Taqiya. Mkadiriaji wa zaka alimjia mtama ukiwa bado umesimama shambani, akakadiria, akaenda zake. Haukupita muda ikanyesha mvua ya mawe, mtama wote ukalala chini. Taqiya akasema hana cha kutoa.

Katika nchi ile, aliyesema hana alitumiwa askari. Hakuja kupiga. Alikuja kukaa, alishwe na mwenye nyumba mpaka zaka itoke. Huyu wa Taqiya alikuwa na maneno.

"Mama, mkate wa leo mwembamba, nauona ukuta ng'ambo ya pili."

"Basi kula huo ukuta, mwanangu. Ndio uliobaki."

Kweli ulibaki ukuta, na mbegu za msimu ujao. Taqiya akashuka mjini kwa imamu, akamkuta msikitini akidarsisha haki za wajane. Akamweleza yote. Imamu akatokwa na machozi, tena machozi ya kweli.

"Rudi nyumbani, mama. Zaka yako nimeisamehe. Amri itakufuata."

Watu wakamwombea imamu dua. Taqiya akapanda mlima anacheka peke yake.

Amri ikafika. Nani kaileta? Askari wa pili. Na desturi ni ileile: mleta amri hulishwa na aliyeletewa. Wakakaa wawili mkekani, wakingoja. Taqiya akafungua mtungi, akazisaga mbegu.

"Unalia nini, mama?" akauliza yule wa kwanza. "Si umeshasamehewa?"

Mmekasirika? Hata mimi. Lakini sisi tunaposindikiza kiroba kimoja cha unga kwa mfiwa, tukajaa gari zima, tukapiga picha, kisha tukangoja chai, ile sukari huwa kaikopa wapi? Nani kati yetu aliwahi kumuuliza? Tunamwachia vyombo vya kuosha, tunajiita wafadhili. Huruma gani hii inayokula kwa yule iliyemwendea? Tusimlaani imamu wa watu huku makombo yako midomoni mwetu.

Nawaombeni jambo moja tu, wapenzi wangu. Kabla hamjabisha hodi kwa mwenye shida, ukumbukeni ule mtungi.