Mwonjaji wa Uji wa Shule

Nasema, mpo?

Tupo!

Nipeni sikio moja!

Chukua yote mawili, uyarudishe yamejaa!

Nije na uongo?

Njoo nao, ukweli utafuata kwa miguu!

Haya. Lakini kwanza, wenzangu, naomba radhi. Hadithi hii leo nitaisimulia vibaya. Pumzi hazitoshi, mkanda nimeulegeza matundu mawili, na kila nikitaka kusema "hapo kale" shingo inagoma. Kina mama wa shule hii walinipa kazi ndogo jikoni kabla hamjakaa, nami nikaifanya kwa moyo wote. Kazi gani? Tulieni. Mpishi hafunui sufuria kabla haijaiva.

Hapo kale, katika nchi kavu ya Mlima Kipara, wanyama walikuwa na shule. Shule yenyewe ni kichuguu kilichobomoka upande mmoja, na ubao mmoja wenye ufa. Watoto walikuja na njaa, wakarudi na njaa. Na mtoto mwenye njaa, Mwalimu Kobe akimchorea duara ubaoni, yeye anaona chapati.

Basi Korongo, wale ndege warefu wanaokuja kila mwaka kutoka ng'ambo, wakaona haya. Wakasema, "Kila mwaka tunapita hapa, tunakula panzi wa wenyeji, tunaondoka. Mwaka ujao tusije midomo mitupu." Wakaleta unga wa uji, gunia juu ya gunia. Wakasema, "Huu ni wa watoto. Tukirudi tuwaone wamenona na wanasoma."

Utaratibu ukapangwa. Kila mtoto aje na kikombe chake na kijiti kimoja cha kuni. Mpishi akachaguliwa Mama Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa mkono, mjane mwenye mtoto mmoja aitwaye Mbaruku. Asubuhi ya kwanza akakoroga: bwata-bwata, bwata-bwata! Watoto wakanywa, wakalamba vikombe, wakalamba na midomo ya wenzao.

Siku ya tatu gunia moja likaota ukungu, na watoto wa Tumbili wakaumwa matumbo. Wazazi wakaitisha mkutano. Wakasema, "Kuanzia kesho, mtu mzima aonje uji kabla ya watoto."

"Nani aonje?"

Wakafikiri. Wakafikiri tena, na hapo ndipo walipoharibu. Akasimama mmoja akasema, "Tumpe mwenye tumbo kubwa kuliko wote. Kama mna sumu, itapotelea humo."

Wakapiga makofi. Wakamchagua Kiboko, ambaye tayari alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Kesho yake Mama Nguchiro akakoroga: bwata-bwata, bwata-bwata! Kiboko akaja: puu! puu! puu!

"Nionje nisionje?"

"Onja, Mwenyekiti!"

Akainamisha kichwa: fyoooo! Nusu ya sufuria ikaondoka.

"Mmh. Sukari sijaisikia vizuri. Nionje nisionje?"

"Onja, Mwenyekiti," wakasema watoto, sauti imeshuka.

Fyoooo! Sufuria ikabaki nyeupe kama meno.

"Hauna sumu," akasema Kiboko, akajifuta. "Watoto, mko salama."

Watoto wakarudi darasani, vikombe vitupu vikigongana: kwe, kwe, kwe. Mwalimu Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba lake, asione.

Ikawa hivyo jana, ikawa hivyo leo, ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi.

Na Mama Nguchiro je? Mama Nguchiro alikuwa na kucha. Kiboko akishaondoka, chini ya sufuria hubaki ukoko, na ulimi wa Kiboko ni mnene, haufiki pembeni. Basi yeye alibaki nyuma, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, akakwangua, akaufunga ukoko kwenye jani, akampelekea Mbaruku wake. Mbaruku akanona, manyoya yakang'aa. Siku ya kwanza mama mtu alijiambia, "Ukoko si uji." Siku ya pili alijiambia, "Nikisema, Kiboko atanikanyaga." Siku ya tatu hakujiambia kitu. Alikwangua tu.

Katika wale watoto kulikuwa na binti wa Digidigi, jina lake Sikudhani. Miguu yake ilikuwa kama njiti za kiberiti, lakini kuni yake hakuiacha nyumbani hata siku moja.

"Shikamoo, mama mpishi."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo uji utatufikia?"

"Leo... tuombe Mungu."

Asubuhi moja Sikudhani alimpa kuni yake, akaamkia, na kabla hajaitikiwa akaanguka: pwata! Mama Nguchiro akamwinua. Alikuwa mwepesi kama jani kavu. Mtoto akafumbua macho, pua yake ikiwa kwenye viganja vya mpishi.

"Mama," akanong'ona, "mikono yako inanukia vizuri."

Wenzangu, Mama Nguchiro alitamani ardhi ipasuke. Siku ile hakukwangua. Alikaa kwenye jiwe la jikoni akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Uji uko wapi?"

"Uko jikoni, mzee wangu. Nimekuja kukupa pole tu."

"Pole ya nini?"

"Korongo wanafika keshokutwa. Nasikia mwanafunzi aliyenona kuliko wote atapewa magunia kumi, yake peke yake, ale mpaka asahau jina la baba yake."

Masikio ya Kiboko yakacheza: pwi-pwi! "Magunia kumi?"

"Kumi. Nadhani atachukua mtoto wa Ngiri."

"Ngiri! Yule mifupa mitupu? Hebu nitazame mimi!"

"Wewe umenona, mzee, nani abishe? Tatizo wewe si mwanafunzi."

"Uji wa shule nakunywa, au sinywi?"

"Unakunywa, mzee."

"Anayekunywa uji wa shule ni nani?"

"Ni mwanafunzi, mzee."

"Basi! Si umesema mwenyewe?"

"Lakini mtu mzima kuvaa kaptula ya shule, hutaona aibu?"

"Aibu inajaza tumbo? Nishonee!"

Mama Nguchiro akashona siku mbili. Kitambaa cha kumtosha Kiboko akitoe wapi? Alikuwa nacho kingi, kwa sababu mwenyekiti ndiye mtunza magunia, na nyumbani kwake yale matupu ya unga yalikuwa yamelala kama ngozi za wanyama waliokufa. Akaunganisha kumi na manane. Na pale nyuma, kwenye makalio, akaweka lile lenye maandishi makubwa kuliko yote.

"Hapa pameandikwa nini?" akauliza Kiboko, akijipapasa.

"Jina la shule, mzee. Umependeza."

Korongo wakatua: puru-puru-puru! Wanyama wote wakakusanyika. Kiboko akaja na kikombe chake na kijiti chake cha kuni, akakaa dawati la mbele: kwaa! Dawati likawa kuni.

Korongo mkubwa akanyoosha shingo. "Huyu ni nani?"

"Mwanafunzi!" akanguruma Kiboko. "Darasa la kwanza! Muulizeni yeyote!"

"Mbona umri umekwenda?"

"Nilichelewa kuanza. Naapa mbele ya wote, mimi ni mwanafunzi. Kunona nimenona, leteni magunia!"

"Tutaleta. Ila tulisema wanone na wasome. Soma kilichoandikwa kwenye kaptula yako."

Kiboko akageuka aone. Kaptula nayo ikageuka. Akageuka tena, ikageuka tena. Akazunguka kama mbwa anayefukuza mkia, vumbi likapanda, watu wakabana mbavu.

"Hakuna anayejua?" akauliza Korongo.

Kwenye mstari wa nyuma mkono mwembamba ukainuka. Sikudhani akasimama, akiushika ukuta.

"U-nga," akasoma. "Wa wa-to-to."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Kobe akatoa kichwa nje ya gamba, akakirudisha, akakitoa tena, machozi yanamtoka.

Korongo akasema polepole, "Mwanafunzi, umeapa mwenyewe. Mwanafunzi hawi mwenyekiti. Mwanafunzi haonji. Mwanafunzi hunywa kikombe kimoja, akiwa wa mwisho kwenye foleni. Na utarudia darasa la kwanza mpaka uisome hiyo kaptula."

Vigelegele! Wakambeba Mama Nguchiro juu juu. "Mama shujaa! Mama jasiri! Mpeni makofi ya kilo!" Pwa-pwa-pwa! Na yeye, badala ya kucheka, anajikunyata.

Wakati huo Korongo alikuwa anapita kwenye mstari wa watoto, anawatazama mbavu. Mbavu, mbavu, mbavu. Akafika kwa Mbaruku. Hakuona ubavu.

"Na huyu?" akauliza. "Huyu naye alikuwa mwonjaji?"



Mama Nguchiro alikuwa na uongo wa aina saba tayari kwenye ulimi, wote mzuri. Mtoto ana uvimbe. Mtoto anakula mende. Akatazama, akamwona Sikudhani anamtazama, bila hasira, kama mtu anayengoja zamu yake. Ule uongo wote akaumeza.

"Huyo ni wangu," akasema. "Alikula ukoko."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu sufuria ya kwanza."

"Na kwa nini hukusema?"

"Mdomo," akasema Mama Nguchiro, "ulikuwa umejaa."

Wakamshusha. Hakuna aliyemtupa, hakuna aliyemshika. Akamchukua Mbaruku, wakaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya ile kaptula. Kuanzia siku hiyo ukoko ukawa wa zamu, na zamu ya kwanza ikawa ya binti Digidigi. Kwaru-kwaru! Na Kobe ndiye aliyepewa kuonja, kijiko kimoja, mbele ya wote, kichwa nje.

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko anashinda majini, macho tu na pua juu. Anaficha kaptula. Na Nguchiro, mahali popote, husimama kwa miguu miwili, anatazama huku, anatazama kule. Mnadhani anaogopa mwewe? Anatazama kama kuna aliyemwona.

Hadithi yangu imeungua chini, mwenye kucha akwangue!

Na funzo lake ni hili: mkichagua mwonjaji, chagueni mwenye tumbo kubwa, sufuria haitahitaji kuoshwa. Na ukimwona mkubwa anakula cha watoto, nyamaza, mradi na wewe una ukoko wako. Makofi tafadhali!

Mbona hampigi? Eti nini, binti? Wewe hapo mbele mwenye kikombe, sema kwa sauti, usinionee haya.

"Mjomba, ile sufuria ya mihogo yetu mbona iko tupu?"

Mmh. Kina mama, msinitazame hivyo. Si mliniambia nionje?

Haya. Foleni inaishia wapi? Na nani ana kaptula ya kuniazima?