Jina la Daktari

Hadithi hii ni nyepesi kuisikia, nzito kuibeba. Anayetaka kuondoka aondoke sasa.

Huko Long Beach, California, alikuwako mwigizaji aitwaye Sovann, mzaliwa wa hapo, mtoto wa wakimbizi kutoka Kambodia. Kwa miaka tisa aliigiza watu wasio na majina: Mleta Chakula, Mpita Njia, Maiti wa Pili. Alipochoka kungoja akafungua biashara, chumba cha kurekodia video za usaili, nyuma ya duka la donati la mama yake. Waigizaji walikuja wachache, wakarekodi, wakaenda zao.

Waliomshika mkono ni watatu. Mama yake, Chanthou, alijua kuvumilia. Dada yake mdogo, Maly, alikuwa na jicho la kamera. Rafiki yake Rithy, mwigizaji naye, alikuwa na sauti iliyomfanya mwenzake aseme kweli.

Siku moja ikatangazwa nafasi ya daktari katika tamthilia. Video zilitakiwa kabla ya saa kumi na moja jioni.

Majokofu ya duka yalinguruma na maikrofoni ikayanasa. Chanthou akayazima. "Rekodi, mwanangu." Sovann alirudia mara arobaini. Joto likaingia, krimu ikaharibika, na oda ya hoteli, mteja mkubwa wa mwisho, ikamponyoka mama.

Maly alishika kamera. Alasiri hiyo alikuwa na mtihani wa uuguzi, na nafasi za kurudia zilikuwa zimekwisha. Alitazama saa, akamtazama Sovann. "Bado unaigiza, kaka. Acha kuigiza. Tena." Mtihani ukaanza, ukaisha.

Rithy alisoma maneno ya mgonjwa. Naye alikuwa ameitwa kwa nafasi hiyo hiyo.

"Yako tutarekodi saa ngapi?" Sovann aliuliza.

"Tukimaliza yako."

Walimaliza zikiwa zimebaki dakika saba. "Hata hivyo nywele zangu zimegoma leo," Rithy alisema, akacheka peke yake.

Sovann akapata nafasi. Skripti ilipofika, daktari alikuwa na ukurasa mmoja. Anakufa katika kipindi cha kwanza. Muuguzi anamfunika shuka na kulitaja jina lake mara moja. Wiki hiyo hiyo mwenye jengo akataka jengo lake. Duka na chumba cha kurekodia vikabakiwa na siku kumi.

Katika skripti daktari aliitwa Lee. Sovann alimpigia mwongozaji, akamweleza kuwa hilo si jina la kwao.

"Chagua unalotaka," mwongozaji alijibu. "Nitumie kabla ya saa sita mchana. Usipotuma, ni Lee."

Wote walikuwa dukani wakifungasha.

"Mwite Vuthy," mama akasema. "Mjomba wako. Vita vilimchukua, hana kaburi wala picha. Jina lake halijaandikwa popote."

"Mwite Samnang," Maly akasema. "Ijumaa wanashusha bango la duka lenye jina la baba."

"Baba yako ana kaburi."

"Ana kaburi, mama. Mimi sina kazi, na ninaloomba ni hilo tu."

Rithy alikuwa akifunga sanduku kwa utepe wa gundi. "Mimi naacha kuigiza, ndugu yangu. Jumatatu naanza kazi ghalani. Mwite Rithy. Angalau nifie kwenye skrini."



Sovann alishika simu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Alijua kwamba jina lolote atakalolituma litafunikwa shuka papo hapo, na kwamba wawili watakaokosa wataendelea kulisikia. Majokofu yalikuwa yamezimwa; safari hii yalikuwa yameuzwa. Hakukuwa na mngurumo hata kidogo. Kilikuwa kimya kizuri cha kurekodia.

Bila mama, sauti yake isingesikika. Bila dada, uso wake ungedanganya. Bila rafiki, asingekuwa na wa kumjibu. Na huenda leo daktari angekuwa Rithy.

Jina ni moja, na dakika zinakwenda. Nyinyi mliobaki kusikiliza, simu hiyo ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?