Dume la Mwenyekiti

Wewe uliye kwenye chama chochote, hata kile cha kuzikana, soma hii taratibu kabla hujamtumia mwenzako.

Huko Rungwe, kwenye baridi na majani mabichi mwaka mzima, wafugaji walianzisha chama chao cha ushirika. Walikuwa na mtungi wa kuhifadhia mbegu za madume, na mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Walikuwa pia na sheria moja ngumu: dume hachaguliwi kwa umbo. Mbegu zake zijaribiwe kwanza kwa ng'ombe wachache wa wanachama, mabinti wazaliwe, wakue, wazae, wakamuliwe. Maziwa ya mabinti ndiyo yatakayosema.

Mwenyekiti, Mzee Asangalwisye, alikuwa na dume aliyeitwa Kamanda. Jamani, dume lile! Kifua kipana, ngozi inang'aa, watu walikuwa wanapiga naye picha. Kamanda akaingizwa kwenye majaribio pamoja na madume wengine wanne. Kila aliyepata binti akaandika lita za maziwa yake, na Subilaga, katibu wa kumbukumbu, akazikusanya.

Ikachukua miaka minne. Siku moja kabla ya mkutano, Subilaga alipiga hesabu mara tatu, na kila mara jibu likatoka lilelile. Mabinti wa Kamanda walikuwa wa mwisho.

Wajumbe wawili wa chama waliochungulia daftari lake wakamfuata.

"Dada, usitutie aibu. Mzee ndiye aliyekijenga hiki chama. Ongeza lita chache tu, nani atajua?"

"Ng'ombe watajua," Subilaga akajibu. "Na wajukuu wa hao ng'ombe."

Mdomoni alikuwa jasiri, lakini moyoni aliogopa. Neno moja tu la mwenyekiti lingemtoa kwenye ukatibu. Na akinyamaza, mbegu ya Kamanda ingeingia kila zizi, na kuitoa ingechukua miaka kumi.

Kesho yake akasimama mbele ya watu, akasoma kama ilivyoandikwa. Wa kwanza alikuwa Tope, dume la mgongo uliopinda ambalo watu walikuwa wanalicheka: kila binti yake lita kumi na nne kwa siku. Wa mwisho Kamanda: lita saba.

Watu wote wakamgeukia mwenyekiti.

"Umemaliza?" mwenyekiti akauliza.

"Bado, baba. Kuna binti mmoja wa Kamanda yuko zizini kwako. Lita zake hukuzileta."

Mzee akainuka polepole, akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa koti.

"Lita sita," akasema. "Huu ni mwezi wa tatu najua, na nimenyamaza kwa sababu niliona aibu. Subilaga ameogopa, na bado amesema. Mimi sikuwa na wa kumwogopa, nikaficha." Akawageukia wanachama. "Kamanda atoke kwenye orodha leo. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Ndipo watu wakapanga mstari kuandikisha ng'ombe wao wapandishwe mbegu ya Tope. Wale wajumbe wawili walijipenyeza karibu na mbele, macho chini, lakini hawakuwahi nafasi ya kwanza. Hiyo alikuwa ameshaichukua Mzee Asangalwisye.

Funzo: Chama huwa cha wanachama pale tu ukweli unaposomwa mbele ya mkubwa kama unavyosomwa mbele ya mdogo. Ukipindisha kumbukumbu ili umfurahishe kiongozi, yeye atafurahi siku moja, na hasara itarithiwa na wajukuu.