Fundo la Kumi na Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Sijawasikia wa nyuma. Paukwa!

Pakawa!

Na wewe uliye jikoni, unayekoroga chungu? Usijibu kwa kichwa, mimi sikuoni. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa tumetimia.

Zamani za kale, Krismasi ilipokuwa ikifika hata porini, paliishi ukoo mmoja wa kanga kando ya kichuguu. Baba wa mji aliitwa Melkiori. Mkewe aliitwa Felista. Walikuwa na vifaranga tisa, wote wenye miguu myepesi na midomo isiyofungwa. Na humo humo aliishi dada yake Melkiori, Shangazi Koleta, ambaye hakuwa na mume wala kifaranga.

Siku hizo kanga walikuwa wa kijivu tupu, hawana hata doa.

Zikabaki siku saba Krismasi ifike. We! Mji ukageuka mzinga. Huyu anafagia, fya, fya, fya. Huyu anasiriba ukuta kwa udongo mwekundu. Yule anakimbiza kumbikumbi waliotoka baada ya mvua, wakaangwe wawe kitoweo cha sikukuu.

"Shangazi, ungo uko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Shangazi, maji yameisha!"

"Nayafuata."

"Shangazi, huyu kanikanyaga!"

"Mkanyage na wewe, kidogo, muwe sawa."

Jina lake liliitwa tangu alfajiri hadi jioni. Lakini kila lilipoitwa, lilikuja na kazi mgongoni. Hakuna aliyeliita likaja peke yake.

Hakuna aliyemchukia, msinielewe vibaya. Walimpenda. Walimpenda kama mtu anavyoipenda miguu yake, haikumbuki mpaka ichomwe na mwiba.

Mwaka ule Melkiori akasema, "Tushone sare. Tukifika kanisani kule bwawani, watu wajue ukoo umeingia."

Akaitwa Fundi Mnana, yule ndege anayeshona nyumba yake kwa majani. Akaja akining'inia kichwa chini, miguu juu, kama kawaida yake.

"Kitambaa ninacho," akasema. "Cheusi, cha vitone vyeupe. Ila kupima sina nafasi. Pundamilia ananisumbua na mistari yake, kila siku anataka niongeze mmoja. Jipimeni wenyewe, mniletee kamba ya ukambaa. Kila kichwa fundo moja."

"Shangazi atapima," Felista akasema. "Wifi yangu ana mkono mzuri."

Shangazi Koleta akachukua ukambaa. Akampima kaka yake kifua, akafunga fundo. Akampima wifi yake, akafunga fundo. Akawapima vifaranga mmoja mmoja. Huyu anacheka, huyu anatekenyeka, huyu anavimbisha kifua aonekane mkubwa. Fundo, fundo, fundo. Akatazama mbele yake. Hakubaki wa kupimwa. Mafundo yalikuwa kumi na moja. Akayapeleka kwa fundi.

Asubuhi ya Krismasi furushi likafika. Felista akalifungua. Lo! Vitone vilimeta kama umande.

"Melkiori! Njoo uvae. Wewe, hii yako. Na wewe. Usivute!"

Shangazi Koleta alisimama mwisho wa mstari. Alikuwa ameosha miguu. Mabawa ameyaachanisha kidogo, kama anayengoja kuvishwa.

Mstari ukaisha. Furushi likaisha.

Akaliokota lile jani lililofungia nguo. Akalikung'uta. Likadondosha vumbi tu.

"Zimetosha?" Melkiori akauliza.

Koleta akautazama ukambaa uliokuwa umerudishwa na nguo. Akahesabu. Mafundo kumi na moja, aliyoyafunga kwa mdomo wake mwenyewe. Basi angemlaumu nani?

"Zimetosha, kaka."

"Wifi, mbona huvai yako?" Felista akatania, huku akijigeuzageuza. "Unaogopa moshi, eti? Unataka utuzidi kwa usafi!"

Wote wakacheka. Shangazi Koleta naye akacheka. Kicheko chake kilitoka, kikasimama, kikakosa pa kwenda.

"Tangulieni," akasema. "Nina chungu motoni. Nitawafuata."

Wakaenda. Kanga huenda mstari mmoja, mnajua. Melkiori mbele, Felista nyuma, tisa katikati. Kwata, kwata, kwata. Walipofika penye kona ya njia, Melkiori akageuka akahesabu sare. Kumi, na mmoja. "Tumetimia!" akasema. Wakaendelea na wimbo wao.

Nyumbani kukawa kimya. Mji ule, ukiondoa makelele, ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Mtama ukachemka, bwata, bwata. Shangazi Koleta akakoroga. Akaegemeza mwiko. Akauchukua tena, maana mikono isiyo na kitu humfanya mtu afikiri.

"Shikamoo, Shangazi."

Akageuka. Mbweha alikuwa amesimama penye kichuguu, mkia ameukunja kwa adabu.

"Marahaba," akajibu. Salamu ni salamu.

"Mbona umebaki?"

"Naangalia chungu."

"Ndiyo maana!" Mbweha akasema. "Siku saba nimelala nyuma ya kichuguu hiki nikiwahesabu. Kila siku mko kumi na wawili. Leo wamepita kumi na mmoja, na mstari mzima umenizibia njia kwa mdomo na kucha. Nikajiuliza, yule wa kumi na wawili yuko wapi? Yule mzuri?"

Shangazi Koleta akaacha kukoroga.

"Umenihesabu?"

"Asubuhi na jioni. Mguu wako wa kushoto unachechemea ukichoka. Ukidhani huonekani unanyoosha shingo hivi, ukaangalia njia. Kaka yako anayajua hayo?"

Hayajui. Koleta alihisi kitu cha moto kikimpanda kifuani, na nitawaambieni ukweli, kilikuwa furaha. Akasogea hatua moja. Akasogea ya pili. Mbweha naye akasogea, mpaka kando ya jivu.

Tone la mate likadondoka kutoka mdomoni mwa Mbweha, likaanguka kwenye jivu la moto. Chwaa!

Koleta akalitazama lile tone. Akamtazama aliyelidondosha.

Purrr! Akaruka. Meno yakakwapua hewa, kacha! Akatua kwenye mgunga, juu ya tawi kavu. Tawi likalia, kra.

"Shuka, Shangazi," Mbweha akasema, akajilaza chini yake. "Tawi hilo halina siku. Na nani atakuja? Wao wametimia."

Koleta akaita. Akaita kama alivyozoea kuita miaka yote, "Njooni! Njooni!"

Kule njiani vifaranga wakasikia. "Baba, Shangazi anaita."

"Chakula kimeiva," Melkiori akasema. "Shangazi yenu hana subira. Tutakula tukirudi." Wakaendelea. Kwata, kwata, kwata.

Tawi likalia, kra, kra.

Akaita tena, "Njooni!" Hakuna aliyekuja. Ndipo akaelewa. Maisha yake yote aliwaita wengine waje wale, waje waoge, waje walale. Hajawahi kujiita yeye. Hata neno lake hakuwa nalo. Akalitafuta. Likatoka dogo, limevunjika katikati.

"Ni-po."

Tawi likalia, kraaa.

"Ni-po! Ni-po! Ni-po!"

Melkiori akasimama. Mstari mzima ukagongana nyuma yake.

"Nani huyo anasema yupo?" akauliza. "Sote tupo hapa." Akahesabu. Kumi na mmoja. Akahesabu tena. Kumi na mmoja.

"Ni sauti ya Shangazi," vifaranga wakasema.

Felista akaitazama sare yake. Akawatazama wote. "Melkiori," akasema polepole, "tangu asubuhi sijaiona ya wifi."

Hawakurudi kwa mstari. Walirudi kama mvua ya mawe. Keche-keche-keche-keche! Mabawa, midomo, kucha, vumbi! Mbweha akapigwa puani, akapigwa mgongoni, akakimbia. Lakini juu ya kichuguu akageuka.

"Mimi nilihesabu kumi na wawili," akasema. "Ninyi je?"

Akaenda zake.

Tawi likakatika. Shangazi Koleta akatua katikati yao, wa kijivu peke yake. Chungu kilikuwa kimeungua. Kanisani watu walikuwa wamekwisha kutoka.

Melkiori akauokota ukambaa. Hakujua kupima. Aliuzungusha shingoni kwa dada yake, akaurudisha, akaupitisha mgongoni, ukamtoka, akaanza upya. Koleta alisimama wima, amefumba macho. Hajawahi kupimwa.

"Kumbe una kimo kirefu, dada," Melkiori akasema. Akafunga fundo la kumi na mbili.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Fundi Mnana hakuwa na kingine mpaka mwaka uliofuata, ndipo Koleta naye akavaa yake. Siku ile walikaa wakala ukoko, wote, ule ambao kila mwaka huliwa na Shangazi peke yake.

Ndiyo maana leo kanga wote wana vitone. Na ukipita porini utamsikia kanga jike akiita, hata akiwa katikati ya wenzake, "Ni-po! Ni-po!" Hana hakika bado.

Ngano hii yasema hivi: mkijihesabu siku ya furaha, muulizeni aliyeshika kamba, wewe umepimwa na nani? Msimwachie adui awe wa kwanza kumwona. Na wewe unayewapima wengine, anza kwa kujifungia fundo lako.

Hapo hadithi yangu imetua mzigo wake. Aliyeko jikoni, mwiteni kwa jina lake. Msimtume kitu.