Jiwe Jeusi la Kibwana

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa wembe.
Ukanolewa.
Ukanolewa na nini?
Tuambie.

Nitawaambia, lakini humu mna jambo moja sijalipatia jibu mpaka leo. Nikilifikia nitawauliza, mlitazame wenyewe.

Hapo kale palikuwa na kinyozi akiitwa Shekue. Mji wao ulitawaliwa na Jumbe Kipanga, naye alikuwa na amri: kinyozi akimtoa damu, hukatwa kidole gumba. Kibwana, kaka yake Shekue, alikuwa akimnyoa, Jumbe akapiga chafya. Tone moja likatoka. Gumba likakatwa, mkono ukaoza, Kibwana akafa. Wakamzika, na kinoo chake, lile jiwe la kunolea wembe, wakakiweka kichwani pa kaburi, kama wanavyozikwa vinyozi.

Arubaini haijaisha, Shekue akaitwa akamnyoe Jumbe. Kinoo cha maana hana. Akatoka kutafuta.

Akaenda mtoni. Akaokota jiwe jeupe, linang'aa kama yai. Akalilowesha, akanoa, akajinyoa mguu. Wembe ukaota meno, mguu ukavuja damu.

Akaenda mlimani. Akachimbua jiwe jekundu. Akalilowesha, akanoa, akajinyoa mguu. Jiwe likageuka tope, wembe haukukata kitu.

Akaenda kaburini. Jiwe la Kibwana lilikuwa jeusi, katikati limebonyea kwa miaka ya kunoa. Akalilowesha, akanoa, akajinyoa mguu. Vinyweleo vikaanguka, ngozi haikujua.

Mwanasha, mjane wa Kibwana, akamkuta hapo.
"Shemeji, sasa unawaibia maiti?"
"Naazima tu, shemeji. Nitalirudisha."
"Kama utarudi na gumba la kulibebea."

Siku ikafika. Watu wakajaa barazani, Mwanasha akiwa nyuma yao. Shekue akayapanga mawe yote matatu.
"Bwana, desturi yetu vinyozi, mwenye kichwa akitaka hujichagulia kinoo. Ila aliyechagua ndiye anayejibu damu ikitoka."
Jumbe akacheka. "Mimi nijibu kwa nani?"
Akagusa jekundu, likamchafua kidole. Akainamia jeusi. Akaliona lile bonde la katikati, akalijua kuwa ni la Kibwana. Akauondoa mkono kama aliyeungua.
"Hilo jeupe," akasema.

Hapa ndipo ninapouliza. Jeusi, Shekue aliliweka pale kumwokoa Jumbe, au aliliweka ili Jumbe alikimbie? Mnajua?
Hatujui.
Nami sijui. Shekue mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Akanoa kwa jeupe. Akanyoa. Damu ikateremka mpaka kwenye nyusi.
"Mkamateni," Jumbe akasema.
Askari hawakusogea. Wazee wakatazamana. Mzee Mbwera, mkubwa wao, akasema polepole, "Uliuliza ujibu kwa nani, Bwana. Utajibu kwetu."

Wakaamua kwamba amri ni ile ile: gumba likatwe, la yule aliyechagua. Shekue akaunoa wembe upya, safari hii kwenye jiwe jeusi, usimtese mtu. Aliyekata ni Mwanasha.

Wembe nimeufunga. Damu futeni wenyewe.