Glasi ya Balungi

Watu wengi hutaja habari za mgeni na mwenyeji huku wakichungulia sufuria. Mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akishindia chai kavu naye hupata paja. Hawakosei. Lakini kupona kuna namna nyingi, na Mzee Mohamedtaki alipona bila kuku.

Mzee huyo, aliyekuwa muuza vitambaa mjini Tanga, aliishi na mkewe Roshan na binti yao Ruqayyah katika ghorofa ya tisa huko Scarborough, Toronto. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa juma alikwenda kusafishwa damu kwa mashine, akarudi hoi bin taabani. Ruqayyah alipimwa, ikaonekana kuwa figo yake moja ingemfaa baba yake. Mzee akakataa katakata.

"Mzazi humlisha mwanawe, hamli," alisema. "Msinitajie tena."

Madaktari walionya kwamba moyo wake nao umeanza kuchoka. Mzee hakutikisika. Ukaidi ule ulimliza mkewe, na kwa kweli ulikuwa ukaidi wa kuua.

Kiangazi kimoja, miaka ya elfu mbili ilipokuwa bado michanga, jiji lilipokea michezo ya kimataifa ya watu waliopandikizwa viungo. Walikuja waogeleaji, wakimbiaji na warusha tufe. Ruqayyah alijitolea kuendesha gari la timu ya Ayalandi. Miongoni mwao alikuwamo Dermot, seremala wa miaka hamsini na minne, mkimbiaji wa mita mia nane. Siku moja baada ya mazoezi, Dermot aliomba apelekwe kuwasalimu wazazi wa dereva wake.

Mzee alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Alikamua balungi mwenyewe, ameegemea meza kwa udhaifu, ingawa yeye alikatazwa na madaktari hata kulionja. Dermot aliipokea glasi kwa mikono miwili, akainusa, kisha akairudisha mezani.

"Samahani sana, bwana. Sitaweza kuinywa."

Uso wa mzee ulibadilika. "Kwetu mgeni haondoki bila kuonja. Nimekukamulia kwa mikono yangu, nawe unanirudishia?"

"Baba, tafadhali!" alisema Ruqayyah.

"Balungi hugombana na dawa zangu," Dermot alieleza taratibu. "Na figo hii nimepewa na binti yangu, Nora. Nilimwapia kwamba nitaitunza."

Mzee alimkazia macho. "Ukakubali mtoto wako apasuliwe?"

"Nilikataa miaka miwili. Siku moja akaniambia, 'Tangu nizaliwe unanipa, nami napokea. Leo nina kitu kimoja cha kukupa, unanirudishia. Nimekukosea nini?' Nikakubali."

"Na yeye? Mzima?"

"Mzima kabisa. Mwaka jana alijifungua."

Mzee aliitazama ile glasi. Yeye aliyekasirishwa na kurudishiwa maji ya tunda alikuwa amemrudishia mwanawe sehemu ya mwili wake, tena mara ngapi! Aliona haya, akainamisha kichwa mbele ya binti yake, akasema naye kwa Kiswahili.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakulinda."

"Ulikuwa unanifukuza, Baba."

"Basi wapigie simu hospitali. Sasa hivi, ukaidi wangu haujarudi."

Bi Roshan alilia kwa sauti, wala hakumwonea haya mgeni.

Kabla ya theluji ya kwanza kuanguka, figo ya Ruqayyah ilikuwa ikifanya kazi ndani ya mwili wa baba yake, na binti mwenyewe alikuwa amerudi kazini. Dermot alishika nafasi ya sita katika mbio zake, akarudi kwao mikono mitupu, asijue alichokiacha Scarborough. Lakini mzee alijua, na kila aliyemuuliza tabibu wake ni nani alimjibu kwa maneno ya wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone.